Prof na Kutu ya Magoti

Kra. Kisha kimya kidogo. Kra tena.

Sauti hiyo naikumbuka kuliko kengele ya shule yetu. Ilikuwa sauti ya magoti ya Prof yakipanda kilima cha Karuba asubuhi, ndani ya ukungu, wakati hatujaona bado kofia yake wala koti lake la kaki. Tunapiga kelele darasani, mmoja anasikia kra, anasema, "Anafika," na wote tunakaa kimya kama watu wanaongoja kubarikiwa. Ukungu wa Masisi unaweza kuficha ng'ombe mzima mbele ya macho yako, lakini magoti yale haukuyaweza.

Kwetu, anayefundisha shule ya msingi ni Mwalimu, na anayefundisha sekondari ni Prof. Maprof walikuwa wengi, lakini ukisema Prof peke yake, bila kuongeza wa hesabu ao wa Kifaransa, kila mtu alijua ni yule wa biolojia. Mama wa maharagi sokoni walijua. Wachungaji wa ng'ombe walijua. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, akichagua pa kuweka kila mguu. Ukimuuliza magoti yalipatwa na nini, alijibu kwamba la kushoto lilivunjika akiwa kijana, kwa ajili ya goli ambalo refa alilikataa, na la kulia liliharibika kwa kumhurumia mwenzake. Alisema hivyo bila kucheka. Sisi ndio tulicheka.

Kitu kimoja tu alikiogopa, nacho ni kiti.

Nasema kweli. Risasi zikilia ng'ambo ya kilima, Prof alimaliza sentensi yake kwanza, halafu ndipo alituambia tulale chini. Lakini umletee kiti, alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Alifundisha akisimama, alikula akisimama, na kanisani, wakati wa mahubiri, alienda kusimama kwa ukuta wa nyuma. "Muntu wa magoti mubaya hakufake na magoti," alikuwa akisema. "Anakufaka na kiti." Yaani kinachomuua si magoti, ni kiti.

Sababu tuliijua. Alikuwa na mkubwa wake, yaani kaka yake, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka na malori, mkatoliki mzuri ambaye hakupenda kuona damu yake ikiteseka milimani. Kila lori lake lilipopita Mushaki, dereva alileta maneno yale yale: mkubwa anasema urudi nyumbani, atakuweka dukani, ukae. Na kila mara Prof alirudisha jibu lile lile: "Umwambie mukubwa yangu miye ningali nasimama." Tulielewa, hata sisi watoto, kwamba siku atakaposhindwa kusimama mbele ya darasa, lori litambeba na hatutamwona tena. Basi tulikuwa tukiyasikiliza magoti yake kama vile mkulima anavyotazama mawingu.

Yeye mwenyewe hakuyaonea haya. Aliyafanya kuwa somo. Siku moja aliingia na mfupa wa goti la ng'ombe, bado mbichi, akaupitisha benchi kwa benchi. Pale mwishoni, mfupa ulikuwa umevikwa kitu cheupe kinachong'aa, chenye rangi ya buluu kidogo kama maziwa yaliyotolewa mafuta. Alisema kwa Kifaransa kinaitwa cartilage, na kwa Kiswahili cha vitabu kinaitwa gegedu. Darasa lilikufa kwa kicheko. Gegedu! Lilisikika kama jina la mtu mnene anayeshuka mlima. Wavulana walilichukua, wakaita timu yao ya mpira Gegedu, na Prof alifurahi sana, akasema jina linawafaa, kwa kuwa gegedu haina damu na wao hawana nguvu.

Halafu alitueleza ndani yake kuna nini, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika mfupa ule wakati huo, kwa hiyo naona kama aliniambia mimi.

Alisema ndani ya gegedu kuna seli, lakini si nyingi. Kila seli inakaa katika chumba chake, mbali na mwenzake, kama mjane mwenye nyumba kilimani. Mshipa wa damu haufiki kule. Mshipa wa fahamu haufiki. Kazi yake ni kutunza ukuta unaoizunguka, kutengeneza nyuzi pale zilipochakaa, na maisha yake yote inafanya hivyo bila mtu kuipigia hodi. Ikiteseka hailii, kwa kuwa hakuna wa kupeleka kilio. Maumivu unayosikia ni ya mfupa na nyama za jirani, baada ya mambo kuharibika zamani. "Seli haina kelele," alisema Prof. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni kwa ajili ya kitu nisichoweza hata kukiona. Niko hivyo, mama yangu alisema nitalilia hata chungu kikipasuka.

Kama haina damu, inakula nini? Mwanafunzi mmoja aliuliza hivyo, na Prof alipiga makofi kwa furaha. Inakula kwa kutembea kwako, akasema. Gegedu ni kama sponji katika maji. Ukikanyaga, sponji inakamuliwa. Ukiinua mguu, inanyonya maji mapya yenye chakula. Kanyaga, inua, kanyaga, inua. Ukikaa siku zote, mjane wako wa kilimani analala njaa. Hapo ndipo tulielewa sababu ya pili ya vita yake na viti.

Sasa nifike kwa kutu.

Jumapili moja baada ya ibada, wazee walimzunguka Prof uani. Kwetu magoti ni ugonjwa wa kila nyumba. Watu wanalima mteremko mkali kama paa la nyumba, na akina mama wanabeba viazi kwa kamba ya kichwani tangu usichana. Koko wangu, mama wa baba yangu, alikuwa mbele ya wote, na fimbo yake. Prof, akitaka kurahisisha, aliwaambia kwamba mbali na umri na mizigo, mule ndani kuna kitu kama kutu, ile inayokula panga. Koko aliuliza kutu inaletwa na nini. Prof alisema inaletwa na oxygène. Koko akauliza hiyo oxygène inakaa wapi. Prof, masikini, alisema: "Iko mu hewa." Kisha mvua ilianza, na kila mtu alikimbia.

Wakati huo vita ilikuwa imeleta wakimbizi wengi milimani, na pamoja nao shitingi, zile plastiki nyeupe za kujengea vibanda. Kila nyumba ilikuwa na kipande. Wiki haikuisha, wazee wote wa Karuba walikuwa wamefunga magoti kwa shitingi, wakakaza juu na chini kwa mpira wa tairi, ili hewa isiingie. Walipotembea walilia fwasha, fwasha. Mama mmoja aliziba hadi vifundo vya miguu. Mtengenezaji wa chukudu, yale magari yetu ya mbao ya kusukuma, alijitolea kupaka grisi mtu yeyote mwenye imani.

Prof alipoona safu ile ikienda shambani, alicheka mpaka akashika ua wa watu asianguke. Halafu kicheko kilimtoka. Alisema kosa si lao, ni lake, na siku hiyo baada ya masomo alianza kupita nyumba kwa nyumba, kupanda na kushuka, kufundisha upya. Kwetu alifika jua likielekea kuzama. Koko alikuwa anapepeta maharagi, magoti yake meupe kama mayai mawili.

Alimsikiliza, kisha akamwambia, "Prof, hii hewa iko mubaya ao iko muzuri? Chagula moja."

Prof alitazama jikoni kwetu. "Mama, moto yako ya jiko iko mubaya?"

"Bila moto tutakula nini?"

"Na cheche ikiruka ku majani ya nyumba?"

Koko aliacha kupepeta.

"Njo ile," Prof akasema, yaani ndiyo hiyo. "Haiko hewa ya inje. Kila seli iko na jiko yake ndani. Inapika na oxygène, juu ya kupata nguvu. Cheche zinaruka, haziwezi kosa. Seli iko na maji pembeni, inazima. Cheche inaruka, inazima. Njo maisha yake."

Koko aliuliza basi inaharibika lini. Prof alimweleza, na hata leo sijasikia mtu akieleza vizuri kuliko vile. Goti likiumia, ao likibebeshwa mno, ao miaka ikizidi, cheche zinakuwa nyingi. Kwanza seli haikubali kushindwa. Inapiga yowe mpaka katikati yake, kule amri zinakotoka, na amri inatoka: maji yaongezwe. Inajitetea kweli kweli. Lakini mzigo usipopungua, maji yanaisha, na seli inaingiwa na hofu. Na ikishikwa na hofu inaanza kutoa vitu vya kukata, inakata nyuzi za ukuta ule ule iliokuwa ikiutunza. Nyingine zinakufa. Nyingine zinazeeka: hazifi, hazifanyi kazi, zinakaa tu zikinung'unika, na manung'uniko yao yanawaambukiza majirani.

Koko alitazama mlango wetu wa mbao. Tulikuwa tumeona wakimbizi wakichoma mbao za milango yao wenyewe kwa ajili ya baridi.

"Kumbe inabomoaka nyumba yake," akasema.

"Inabomoaka nyumba yake, mama."

Koko alifungua shitingi ya goti la kushoto. Ya kulia aliiacha. Alisema imekwisha kuleta joto, na oxygène ikitaka ipite upande mmoja. Prof aliondoka akicheka, na alikataa kiti tulichomwekea mlangoni.

Msidhani alikuwa mtu wa maneno yanayolingana siku zote. Aliwaambia watu wawe wakila mboga za lengalenga na sombe, na matunda ya marakuja, vitu vya kusaidia kuzima cheche, halafu mtu akimwambia, "Prof, lengalenga itanirudishia magoti?" alijibu kwamba hapana, itakupa nguvu ya kulalamika vizuri. Aliwakataza wazee kukimbia mteremkoni, lakini jioni nyingine ungemwona akishuka na chukudu kutoka juu, amepiga goti moja bovu kwenye mbao, koti linapepea, kofia iko mdomoni asiipoteze, na watoto wanamkimbilia nyuma wakiimba. Alipofika chini alisema alikuwa akifanya uchunguzi.

Na mizigo! Mizigo ndiyo aliyoihubiri kuliko yote. Bebeni kidogo, mrudi mara ya pili. Goti linasamehe safari, halisamehi uzito. Lakini siku tulipokimbia Karuba, siku ile mapigano yalipopanda mpaka kwenye malisho, aliyekuwa mbele yetu njiani na cherehani ya mjane jirani mgongoni ni nani? Chuma kitupu. Baba yangu alimwomba ampokee. Prof alikataa, akasema cherehani ndiyo inayomsukuma. Usiku huo tulilala msituni, na asubuhi miguu yake ilikuwa imevimba kama mihogo. Hakulalamika hata neno moja. Nilimtazama akijikanda, na nilikumbuka: seli haina kelele. Pale njia zilipogawanyika, sisi tulishuka upande wa Walikale, na yeye alibaki na wagonjwa walioshindwa kuendelea. Nilidhani ndio mwisho. Nilidhani lori la Butembo limekwisha kumpata.

Mimi niliachia masomo pale, mwaka wa tatu wa sekondari. Nilikuwa na ndoto ya kuwa muuguzi, na bado ninayo. Ndoto haili, haichukui nafasi kwenye mzigo. Nilienda kukaa kwa shangazi yangu, katika kijiji cha Mpofi, na kazi yetu ilikuwa kununua mafuta ya mawese na kuyapeleka kwa wachimbaji wa madini wa Omate, mgongoni, kwa kamba ya kichwani, bidoni mbili, yale madumu ya njano, zimefungwa pamoja. Njia ni ya msitu na matope. Nilikuwa na nguvu, na watu walinisifu.

Basi, asubuhi moja Mpofi, niliona kitu barabarani nikasimama. Safu ya wanafunzi, sare zao za buluu na nyeupe zimefifia, wanatembea polepole sana, wawili wawili, kama watu wanaosindikiza harusi. Mbele yao mtu mrefu, mwembamba, anaongea akigeuza kichwa begani. Aliponiona hakusimama. Aliniita "Madmazeli," kama zamani darasani, akaniambia nitembee naye kama nataka kumsalimia, kwa sababu yuko katikati ya somo la figo.

Alinieleza tukitembea. Shule ya Mpofi ilikuwa mbao na shitingi, na ubao wa kuandikia ulikuwepo, lakini magoti yalikuwa yamefika mahali ambapo kusimama saa nzima mbele ya ubao hakuwezekani tena. Ukisimama tu, alisema, sponji imekamuliwa na haiachiliwi. Ukikaa, haikamuliwi kamwe. Kilichobaki ni kutembea, taratibu, bila mzigo, tambarare. Barabara ya Mpofi ni tambarare. Basi biolojia ilihamia barabarani, kutoka shule mpaka darajani na kurudi.

Wanafunzi walinihadithia mambo ya siku ya kwanza. Kabla ya daraja kuna bariyeri, mwanzi umelazwa barabarani, na mwenye silaha anauliza kila mtu anakokwenda. Alimuuliza Prof anapeleka watoto wa watu wapi. Prof alijibu wako darasani.

"Darasa iko wapi?"

"Uko ndani yake. Umesimama ku benchi ya mbele."

Watoto walisogea nyuma ya Prof. Mwenye silaha alimwinamia Prof, akauliza, kwa sauti ya chini, kama goti linaloumia wakati wa mvua ni la kutu pia. Tangu siku hiyo aliposikia darasa linakuja aliinua mwanzi mapema na kuuliza leo ni somo gani.

Lakini habari za mtu anayeswaga wanafunzi barabarani zilifika Butembo pia. Siku chache baada ya mimi kumwona, mkubwa wake alikuja mwenyewe na lori. Alikuwa mnene, wa heshima, viatu vya mjini, rozari imening'inia kwenye kioo cha gari. Nyuma ya lori, juu ya magunia ya chumvi, alikuwa ameleta kiti. Kipya kabisa, na mito. Alikishusha mbele ya shule, akakipangusa vumbi kwa mkono wake, na nilimwonea huruma, kwa sababu alikuwa anampenda ndugu yake.

"Mudogo yangu, unatembeza batoto mu barabara kama mbuzi," akasema. "Duka iko na kivuli. Utaikala, utapumuzika."

"Nikiikala, yaya," Prof alimjibu kaka yake, "sitasimama tena."

"Na ukianguka huku? Nani atakuokota, huyu wa bariyeri?"

Prof alikitazama kile kiti. Mimi nilikuwa hapo na mzigo wangu, nikielekea Omate. Yule mkubwa alikuwa na haki; jambo hilo lilikuwa wazi kwa wote. Mwisho Prof alimwambia atembee nao somo moja tu. "Nikiikala mbele ya somo kuisha, napanda lori. Sitabishana."

Walikwenda. Mimi niliwafuata, njia yangu ilikuwa hiyo hiyo. Somo la siku hiyo lilikuwa lile lile la seli na cheche, na Prof alilifundisha polepole kuliko kawaida, akihesabu pumzi. Wakati mmoja goti la kushoto lilipinda, na darasa zima lilisema "Ayii" kwa pamoja. Hakukaa. Tulipita bariyeri. Tulifika darajani, na hapo mkubwa, na mwili wake na viatu vyake vya mjini, alitafuta jiwe akaketi, akijipepea kwa kofia.

Prof hakumcheka. Lakini hakuweza kusimama kumngoja pia, maana kusimama ndiko kunakomuua. Basi alianza kumzunguka. Alizunguka jiwe lile polepole, akiendelea na somo, na darasa lote nyuma yake, duara zima, mfanyabiashara katikati kama mti wa Noeli. Seli inajitetea, alisema, akipita mbele yake. Seli inaita maji, alisema, akipita nyuma yake. Mkubwa aligeuza shingo huku na huku akimfuata kwa macho, mpaka uso wake ukavunjika, akacheka, akacheka na kufuta machozi.

"Mwaka huu tu," alisema. "Mwaka huu, kisha nakuja na lori mbili. Moja ya weye, moja ya magoti yako."

"Mwaka huu," Prof akakubali, naye hakuwa anacheka. Mwaka mmoja wa kusimama ni kitu, kwa mtu anayejua hesabu ya magoti yake.

Darasa lilipogeuka kurudi, Prof alinipita. Aliitazama kamba kipajini kwangu, akatazama zile bidoni mbili. Hakusema pole. Aliuliza tu, kama anavyouliza mwanafunzi wa nyuma: seli ikibebeshwa kila siku bila kupumzika, inafanya nini kwanza?

"Inajitetea, Prof."

"Na kisha?"

Nilijua jibu. Nilikaza kamba kichwani, nikacheka tu kidogo. Yeye alitikisa kichwa na kuendelea na safari yake, kwa kuwa hakuweza kungoja.

Safari ile nilienda na bidoni zote mbili, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kufungwa na watu walikuwa wakitazama. Iliyofuata niliamka kabla ya shangazi. Ukungu ulikuwa bado kwenye migomba. Nilifungua fundo, nikatoa bidoni moja, nikaiegemeza ukutani ndani, mahali asipoweza kukosa kuiona. Nikakaza kamba upya kwa ile iliyobaki, nikaiweka kichwani, nikashika njia ya Omate nikikanyaga na kuinua, kukanyaga na kuinua, polepole.